Pafu la Samaki wa Oued Zem

Utokapo Casablanca, mji ambao wenyeji huuita Dar al-Baydaa, ukaelekea kusini-mashariki, bahari waiacha mbali kabla hujafika Oued Zem. Nchi ni kavu, vumbi lake jeupe, na ardhini huchimbwa fosfeti ya kutengenezea mbolea. Sisi watu wa mwambao twaona taajabu kuambiwa kuwa tunakanyaga sakafu ya bahari ya kale. Lakini ushahidi umo mikononi mwa wachuuzi: meno ya papa, kwa mafungu, yaliyotoka humo humo katika fosfeti. Hiyo ni riziki ya jamaa wengi, wala hatuwalaumu.

Katika biashara hiyo, kisukuku kimoja kilifika London kwa mkusanyaji aliyedhani amenunua fuvu la mnyama arukaye wa zama hizo. Akamwita Profesa David Martill wa Chuo Kikuu cha Portsmouth akitazame. Profesa hakuona fuvu. Aliona vibamba vyembamba vya mfupa vilivyoshikana kama mbao za pipa, na umbile hilo ni la pafu la silikanti.

Wasomaji wetu wamjua silikanti. Ndiye samaki aliyehesabiwa kuwa ametoweka hata alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938; ndugu zetu wa Komoro humwita gombessa, na mwaka 2001 alivuliwa hapa kwetu Malindi. Silikanti wa leo hukaribia mita 2, na pafu lake limedumaa, halimfai kitu. Yule wa Oued Zem, kwa kukadiriwa ukubwa wa pafu lake, huenda alifika mita 5. Aliishi miaka milioni 66 iliyopita, kwa hesabu ya wataalamu.

Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021, na magazeti yalishughulika na ukubwa wa samaki. Sisi lililotugusa ni jingine: kisukuku kilirudishwa Moroko, kikakabidhiwa Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Hassan II, pale pale Casablanca. Vingapi vimeondoka nchini humo visirudi, vikiwa mapambo ya sebule za watu! Mwanafunzi wa Oued Zem akitaka kusoma habari za bahari iliyofunika mji wake, angalau pafu hili hatalifuata Ulaya.

Ama mwili uliobaki wa samaki yule, huenda ungali umelala ndani ya fosfeti, au umekwisha sagwa ukawa mbolea ya shamba la mtu.