Kidonda cha ngozi, goti linalohama (Sehemu ya 9)

Leo tuongelee vile vidonda vya miguuni ambavyo tunavipaka dawa ya zambarau na kusema "vitakauka tu".

Mwaka juzi, zamu ya usiku, nilimpokea binti wa miaka 9 anahema hata akiwa amekaa. Mama yake ananiuliza, "Nesi, moyo kauumwa lini, mbona hajawahi hata kulazwa?" Vali zilishaharibika. Kuuliza vizuri, kumbe aliumwa mafindofindo mara nyingi, halafu kuna kipindi goti lilivimba, likapona, maumivu yakahamia kiwiko. Wakaambiwa "anakua huyo". Aliyewaambia ni nesi kama mimi, na kusema kweli ningeweza kuwa mimi.

Tangu siku ile nasoma. Chanzo ni bakteria anaitwa streptokoka kundi A. Kinga ya mwili inapigana naye, kisha inageukia viungo na moyo. Kwenye koo hilo linajulikana siku nyingi. Vidonda vya ngozi navyo vinashukiwa, na wanaovifuatilia sana ni watafiti wa Australia. Nchi tajiri ile, ugonjwa karibu umesahaulika kwa wengine, lakini watoto wa Waaborijini, wenyeji wa asili, wanaugua kwa viwango vya juu kabisa duniani. Si damu yao jamani. Ni nyumba zilizojaa watu, mabomba mabovu, kituo cha afya mbali. Nikawaza mtaani kwetu.

Huko Northern Territory walichukua watoto 508 wa jamii hizo wenye vidonda. Wengine wakachomwa benzathini penisilini, wengine wakapewa Septrin ya kunywa siku 3 au 5. Majibu yalitoka 2014: wote walipona sawa, kama 85 kati ya 100. Waliobaki na maumivu ni waliochomwa. Yaani kuna mtu alikaa akajiuliza kwa nini mtoto anakimbia zahanati! Sisi huku mama asiporudi tunamwita mzembe, basi yameisha.

Sasa usikimbilie duka la dawa. Septrin ina watoto inaowadhuru, na mafindofindo ya bakteria huyu haiyatibu. Mlete tumwone. Kidonda chenye usaha, koo na homa, goti linaloumwa leo huku kesho kule, mlete, na ukiambiwa "anakua" omba apimwe moyo.

Binti yule anakuja kila siku 28, ataendelea kwa miaka. Zamani alilia kabla sijafungua sirinji. Siku hizi naishika dawa kiganjani ipate joto, nasukuma polepole, yeye anahesabu kwa sauti. Juzi alifika 40, akaniambia, "Nesi, leo umechelewa."