Leo Sisi Ndio Tulipiga Picha

Mnandi, yule ndege mweusi wa Ziwa Kivu, anasumbua sana kumpiga picha! Ukinyoosha simu, ameshazama. Unamngoja hapa, anaibukia kule.

Jumamosi tulikuwa watatu kwenye mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi, hapa Rusizi. Akatuambia: acheni kasia, kaeni kimya, jua liwe mgongoni. Kweli, ndege akaibuka na samaki mdomoni. Kisha akapanda jiwe, akatanua mabawa. Manyoya yake yanalowa maji, ndiyo maana anazama vizuri, lakini lazima ayaanike. Hapo hatukumsogelea. Ukimfukuza, anaondoka bado amelowa, kisa picha yako.

Mzee alikuwa na sambaza wa usiku. Kumbe hao nao waliletwa, kutoka Ziwa Tanganyika, mwaka 1959. Leo hakuna anayewauliza walikotoka.

Sisi tumepigwa picha mara nyingi: kwenye foleni, na madumu ya maji, na mtoto analia. Wachache waliuliza majina yetu. Siku hiyo sisi ndio tulishika simu, tukaona kazi yenyewe ni kungoja, kukaa mbali, kujua mwenzako yuko kwenye hali gani kabla hujabonyeza.

Ndugu zetu wa mashirika, mkija na kamera, tufanyieni hivyo hivyo. Na nyinyi vijana, tuleteeni picha zenu za ndege. Ila msielekeze simu upande wa mpaka, jamani.