Baiskeli ya Marehemu Baba

Leo napenda kuwasimulia kisa kilichonifika mwenyewe. Huenda kikamfaa mzazi au mwanafunzi anayefikiria kununua baiskeli.

Marehemu baba aliniachia baiskeli ya fremu ya inchi 24. Yeye alikuwa mrefu, mimi ni mfupi. Niliipanda miaka sita hapa Bujumbura, nikiyumbisha nyonga huku na huku ili miguu ifikie pedali. Kiuno kiliniuma, na nyuma ya magoti pia, nikasema ni uchovu wa kazi tu. Siku moja gari lilisimama ghafla mbele yangu, na binti yangu yupo nyuma kwenye keria. Nilifunga breki, nikashusha mguu, mguu haukufika chini. Tulianguka sote wawili. Mtoto akavunjika mkono.

Basi niliazimia kutengenezesha fremu ya kipimo changu. Niliweka akiba miezi minane, kisha nikaenda Buyenzi kwa mzee mmoja fundi wa baiskeli. Nilidhani atafurahia kazi. Badala yake aliniambia nivue viatu, nisimame ukutani na kubana kitabu kati ya mapaja, juu kabisa. Akapima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu: sentimita 78. Akazidisha kwa 0.883, akapata karibu 69. Hesabu hiyo ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, mwaka 1986, 1989 na 1990. Hutoa kimo cha siti, kutoka katikati ya ekseli inayozunguka na pedali hadi juu ya siti.

"Sasa tazama," akasema. "Inchi 24 ni sentimita 61. Siti yako ya springi, hata ukiishusha mpaka mwisho, inaongeza zaidi ya 10. Utafikaje 69? Lakini fremu ya inchi 20 ni sentimita 51. Inakuachia nafasi ya 18, na hiyo ipo dukani."

Nilimwambia nimekwisha kata shauri. Akacheka. "Mwanangu, fremu ya kutengenezesha ni ya mtu aliyekataliwa na saizi zote za dukani. Wewe umejaribu moja tu, tena si yako, ya baba yako."

Akanifahamisha kuwa kimo hurekebishwa kwa kupandisha au kushusha siti, ila urefu wa bomba la juu haubadiliki. Mwenye miguu mirefu sana na kiwiliwili kifupi, ambaye kila fremu inayomfaa kwa kimo inamnyoosha mikono hadi ganzi, huyo ana haki ya kutengenezesha. Na amtafute fundi hodari, kwani fremu ikichomelewa kombo, magurudumu hayafuatani.

Nilinunua ya inchi 20. Fedha zilizobaki nikamalizia deni la hospitali. Maumivu ya magoti yaliisha, na nikisimama miguu yangu yote miwili inakanyaga chini.

Sasa binti yangu anataka baiskeli yake. Anasema ninunue kubwa, imfae hadi amalize sekondari. Nimekataa. Nitakwenda naye dukani, akae juu yake na kuweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuinama, na akishuka miguu ikagusa ardhi, hiyo ndiyo yake. Akikua, tutatafuta nyingine.