Daftari la Mama

Usiku wa Ijumaa, mwisho wa mwezi, nilipandisha laptopi yangu kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04. Najua, najua. Lakini stima ilikuwepo, na bando pia, na hapa Kimulot hivyo viwili havipatani mara nyingi.

Wachumaji wa Mama hulipwa kwa kilo. Kilo zenyewe husomwa na programu niliyoandika, laptopi ikiunganishwa kwa waya na mizani. Jumamosi asubuhi programu ilikataa kufunguka. Ubuntu mpya ilikuja na Python 3.12, na kile kipande kinachoongea na mizani nilikijenga kwa 3.10. Sawa, nikijenge upya. Ikafa mstari wa kwanza: hakuna distutils.

Distutils iliondolewa kwenye Python 3.12 mwaka 2023. Si kwamba sikuambiwa. Kila nilipojenga kwa 3.10, onyo lilitokea kwenye skrini, nami nikalipita kama bango la kampeni.

Nakala yake imo ndani ya setuptools, kwa hiyo nikajaribu kuisakinisha. Ubuntu ikagoma: Python hii ni ya mfumo, jitengenezee mazingira yako pembeni. Kuna amri ya kulazimisha, na jina lake lenyewe linakwambia utavunja mfumo. Niliiandika. Kidole kikabaki juu ya Enter.

Nje ukungu ulikuwa haujainuka. Wachumaji walisimama bandani na aproni zao za plastiki.

"Kijana, kwani leo hatulipwi?" mama mmoja akauliza.

Mama akatoka jikoni na daftari la mraba. Kilo za kila mtu, kila siku, kwa kalamu.

"Umeanza kuandika lini?"

"Tangu ulete hiyo mashine."

Akawalipa wote kwa M-Pesa, akarudi jikoni.

Nilifuta ile amri, nikatengeneza mazingira ya pembeni, nikaweka setuptools, nikajenga. Saa nne programu ikafunguka vizuri kabisa. Nikalinganisha hesabu zake na daftari. Yule mama aliyeniuliza alikuwa amepungukiwa kilo 14 kwenye programu: siku moja betri iliisha kabla ya mzigo wake wa jioni kupimwa, nami sikugundua.

Miezi mitatu tumelipa kwa kufuata programu.

Nilienda jikoni kumwomba Mama madaftari ya nyuma.