Mbwa wa Nyumba Tupu

Jumamosi, 7 Septemba 2024, Ipagala
Upepo wa leo umejaza vumbi hadi kwenye sufuria. Nikitoka kuchota maji nimemwona tena yule mbwa kizingitini pa ile nyumba ambayo wapangaji wake walihama Juni. Sikio la kushoto limejaa kupe, wa kijivu, wamevimba kama mbegu za mbono. Begani ana kidonda chenye funza. Nimemwekea maji kwenye kopo la rangi. Ameyanywa amelala, macho yakiwa getini.

Jumapili, 8 Septemba
Bibi wa jirani amenikuta nikimtoa kupe. “Mwanangu, huyo wamemwacha kama ufagio uliokwisha.” Akanisimulia mbwa wa babaye, waliolinda zizi dhidi ya fisi, walipozeeka walilala jikoni kwenye majivu, na hakuna aliyewafukuza.

Jumatatu, 9 Septemba
Bajaji mbili zimekataa kutubeba. Dereva wa tatu, kijana mwenye barakashia, ametandika gunia kwenye kiti. “Dada, yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu alisamehewa. Mimi nikatae nina nini?”

Daktari wa mifugo, ambaye siku nyingi anashughulika na ng'ombe na kuku, amemfunua mdomo. Fizi nyeupe kama karatasi: homa ya kupe, damu imepungua. Meno yamesagika, anamkadiria miaka kumi na zaidi. Dawa hupimwa kwa kilo, basi tukavuka barabara hadi kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine akashusha debe la uwele, tukampandisha yeye mizanini. Kilo 14. Funza wametolewa mmoja mmoja kwa kibano. Nilihesabu hadi 23 nikashindwa kuendelea. Hakulia hata mara moja. Doksisaiklini siku 28. Chanjo ya kichaa ingoje apate nguvu.

Nina hasira. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na watu wamehama na kila kitu, hata ndoo iliyopasuka, mbwa wakamwacha.

Jumatano, 18 Septemba
Uji wa dagaa anaumaliza. Vidonge alikuwa akivitema, mpaka Bibi aliponiambia nichovye tonge kwenye mlenda. Vinateleza vyenyewe. Ila usiku anachechemea kurudi kwenye kizingiti kile, na alfajiri namfuata.

Jumamosi, 28 Septemba
Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Dalili zikishatokea kwa mtu, ugonjwa huo karibu kila mara huua, na chanzo karibu kila mara ni mbwa. Kwa hiyo nilifurahi kuona watoto wamepanga foleni ya chanjo, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba ya katani. Wetu amefikia kilo 17, amechanjwa. Daktari akauliza jina la kuandika kwenye kadi. Sikuwa nalo.

“Popi,” akasema Bibi. “Watoto wa pale walimwita Popi.”

Masikio yakasimama. Akageuka akatazama barabara nzima, hadi mwisho.

Jioni hii amelala mlangoni kwangu. Zimebaki dozi za siku 8.