Tiketi Iliyorudi Mnadani

Kanisani kwetu Mkata, Handeni, kuku mmoja aliweza kuuzwa mara nne Jumapili moja, na jioni ukamkuta anadonoa uani kwa yule yule aliyemleta asubuhi. Asiyeujua mnada wa kanisa anaweza kudhani pana udanganyifu hapo. Hakuna. Watu wasiokuwa na fedha mkononi walileta walichonacho: debe la mahindi, papai, mayai kwenye kibakuli, kikapu cha machungwa. Kiangazi kikikaza, na Handeni kiangazi hukaza kweli, kuna waliopitia dukani wakanunua soda moja ili wasije mikono mitupu. Baada ya ibada mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wote alisimama mlangoni, akamwinua kuku miguu juu, akaanza: mia tano mara ya kwanza! Mwingine anaongeza mia, mwingine hamsini. Kwetu kila aliyeongeza alilipa kile alichoongeza, hata kama kuku hakumpata. Anayeshinda akishapokea shangwe zake anasema, “Namrudisha.” Kuku anainuliwa tena.

Nilikuwa mtoto, na miaka hiyo ya tisini niliona ule ni mchezo wa wakubwa tu. Sasa ndipo ninapoona akili iliyokuwamo. Bei ya kuku haikuwa bei ya kuku, na wote walijua hivyo. Bibi mwenye shilingi hamsini alisikika kanisa zima kama alivyosikika mwenye duka, na akacheka kama yeye. Hakuna aliyekwenda mnadani kwa sababu alimtaka yule kuku.

Wala haukuwa wa Wakristo peke yao. Mkata Waislamu ni wengi kuliko sisi, na mwenye bucha wa stendi, ambaye kengele ya kanisa aliisikia akiwa amekaa kwenye benchi lake, alikuwa akimtuma kijana na noti: “Ongezeni hapo.” Ukifika mfungo sita, sukari na mchele wa Maulidi ulitoka pia jikoni kwa mama yangu. Msikiti ulipojengwa upya, mchango ulihesabiwa kwa mifuko ya saruji, na babu yangu, msharika wa Kianglikana ambaye askofu wake yuko Korogwe, alitoa mfuko mmoja akausukuma mwenyewe kwa baiskeli. Miaka hiyo pia nguo zilikusanywa kwa ajili ya wakimbizi wa kutoka Somalia waliokuwa kambi ya Mkuyu, wale wenye asili ya Kizigua ambao mababu zao walitoka huku huku kwetu karne ya 19, na ambao baadaye walihamishiwa Chogo. Bibi yangu alirudi kutoka kuwaona akiwa na mshangao: wanasema Kizigua cha zamani kuliko cha kwetu, alisema, maneno mengine nilidhani yamekufa na mama yangu.

Kilichobadilisha mambo kwanza kilikuwa kadi za harusi. Kuchangia harusi ni jambo la zamani, ila sherehe zilipotoka uani kwenda ukumbini, mchango ukapewa kiwango. Ukitoa kiasi hiki unapata kadi ya single, ukitoa kile unapata ya double, chini ya hapo utasikia muziki ukiwa barabarani. Mlangoni anasimama kijana wa kamati na orodha yake. Mama yangu, ambaye kwa miaka aliuza machungwa kwenye madirisha ya mabasi ya Arusha na Tanga, alilisema hili mara moja tu na sijasikia mwingine akilisema vizuri zaidi: “Zamani tulichanga, tukala. Siku hizi tunachanga ili tule.”

Kisha ikaja simu. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na baada ya miaka michache watoto wa Mkata waliotawanyika Dar es Salaam, Tanga na Moshi wakawa wanaweza kutoa sadaka bila kufika nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ujumbe wa kawaida kutoka kwa shangazi, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, ulikuwa mfupi: mwanangu, tunaezeka jiko la kanisa, usisahau na ya kutolea. Fedha ziliongezeka, hilo halina ubishi. Lakini mnada ulidhoofika, kwa sababu wenye uwezo wa kuongeza hawakuwa tena kwenye mabenchi. Waliobaki waliona aibu kunadi kuku kwa mia tano wakati kwenye simu ya shangazi imeingia elfu hamsini kutoka Mikocheni kabla hata ya Baraka.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mwaka 2017, zahanati ya kijiji jirani ilipohitaji tangi. Maji kwetu ni habari ndefu. Bomba la HTM, linalovuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, lilijengwa tangu miaka ya sabini, na ni watu wachache Handeni wasioijua sauti ya mfereji unaokohoa hewa. Mama anayekwenda kujifungua alifuatana na ndugu mwenye dumu la lita 20 kichwani. Likiisha, ndugu anarudi lamboni. Akina mama wakasema tununue simtanki la lita 5,000 na mabati ya kuvunia maji ya mvua. Mchango ukazinduliwa, ukasimama nusu.

Mimi wakati huo nilikuwa na tiketi. Mwajiri wangu alikuwa amelipia wafanyakazi kadhaa kongamano la siku tatu la wanawake Wakristo, Dar, lenye wahubiri kutoka nje, chakula cha mchana na mkoba wa zawadi. Zamu yangu ya kazi ikaangukia siku zile zile. Tiketi haikuwa na jina, ilikuwa picha tu kwenye simu yenye ule mraba wa vidoti, na bei yake mama yangu aliposikia aliuliza kama ni pamoja na kitanda. Nikampigia shangazi: chukueni hii, mtakayeona anafaa mpeni, ili mchango uamke.

Sikujua nimewatupia mfupa. Walikutana chini ya mwembe wa kanisa, na niliyasikia yote baadaye kwa mama na kwa shangazi, kila mmoja akijipa nafasi ya aliyesema neno la hekima. Pendekezo la kwanza: apewe atakayechangia zaidi. Likakataliwa upesi, maana kila mtu alijua nani angeshinda, na mke wake hakuwa na shida ya tiketi. Pendekezo la pili: kila elfu mbili iwe nafasi moja, majina yaingie kapuni. Hapo ndipo moto ulipowaka. Miaka ile vibanda vya kubeti vilikuwa vimejaa stendi, vijana wanashinda na mikeka yao mkononi wakibishana timu za Ulaya, na padri alikuwa ametoka kuhubiri dhidi ya kubeti Jumapili mbili mfululizo. Sasa kanisa nalo liweke nafasi za kununua? Mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya upole inayoumiza, kama na sisi tungebandika odds mlangoni.

Padri ndiye aliyelikata. Alikumbusha kwamba mitume walimpata Mathiya kwa kura, nafasi ya Yuda ilipobaki wazi, na hakuna mtume aliyeuziwa karatasi mbili. Basi kila aliyechangia chochote, jina lake litaandikwa mara moja. Mwenye mia tano mara moja, mwenye elfu hamsini mara moja. Nilipoambiwa nilifurahi kuliko nilivyotarajia, kwani ule ulikuwa mnada wa zamani umeingia kwa mlango wa nyuma.

Habari ikatoka kanisani ikazunguka mji. Mama ntilie wa stendi walichanga. Madereva wa bodaboda walichanga, wengine bila kujua kongamano ni la nini. Mwalimu wa madrasa alileta mchango wake kwa mkono, akaomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa kura yenye zawadi baada ya kutoa fedha haikumkaa sawa katika dini yake, ila wazazi wanaojifungua ni wa wote. Shangazi alimwandika kwenye daftari la hesabu na kumwacha nje ya kapu. Naona yule mwalimu aliliona tatizo mapema kuliko sisi sote.

Jumapili ya kura nilipata ruhusa nikapanda basi la alfajiri. Tiketi walikuwa wameichapisha steshenari, wakaiingiza kwenye nailoni kama cheti cha ubatizo. Majina yalikunjwa vipande vidogo vya karatasi za daftari, yakatiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Msichana wa Shule ya Jumapili alifungwa macho kwa kitenge. Alichovya mkono hadi kiwikoni, akakoroga kama anayetafuta kitu alichodondosha mwenyewe, akatoa. Ameshinda muuza mihogo ya kukaanga wa upande wa mabasi yaendayo Dar.

Vigelegele. Alikuja mbele, akaipokea tiketi kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma. Kisha akauliza nauli ya kwenda na kurudi inalipwa na nani. Kimya. Na malazi? Na karai la mihogo siku tatu litasimamiwa na nani, maana mabasi hayasimami kwa ajili ya kongamano? Hakuna aliyekuwa amefikiri, mimi wa kwanza. Alituacha tuhangaike kidogo, akafurahia, halafu akaiinua ile nailoni juu. “Nairudisha,” alisema. “Nadini!”

Sijawahi kuona mnada kama ule. Mzee wa kanisa wa zamani alikuwa amekwisha kufariki, lakini mwanawe alisimama, na sauti ilikuwa ile ile. Waliokuwa wameshachanga wakachanga tena. Tiketi ikanunuliwa na mwalimu mmoja, ikarudishwa. Ikanunuliwa na mafundi gereji kwa pamoja, ikarudishwa kwa maelezo kwamba wao ni wanaume. Mwisho aliinunua dalali wa machungwa, Mwislamu, mtu wa kupakia malori ya wanunuzi wa Kenya, aliyekuwa amesimama nje dirishani akiangalia fujo. Hakuirudisha. Alisema apewe muuguzi wa zahanati na nauli juu yake, kwa sababu mke wake alijifungulia mikononi mwa muuguzi huyo kwa mwanga wa simu.

Fedha zilitosha tangi na mabati, zikapelea ya fundi. Fundi alilipwa kwa magunia ya mahindi wakati wa mavuno.

Muuguzi alikwenda, akarudi na mkoba, kalamu na daftari lenye nembo, na akina mama wakamwita awasimulie. Aliyapenda mafundisho, nyimbo zaidi. Kisha akawaeleza kitu ambacho sikukiona kwenye tiketi yangu: mle ukumbini viti vya mbele vilikuwa vya wenye tiketi za bei ya juu, na kila kipindi kilikuwa na sadaka yake, na mnenaji mmoja aliwaita mbele waliotoa kiasi fulani ili waombewe kwanza. Wa kiasi cha chini waliombewa walipokaa. “Kwa hiyo hata huko kuna single na double,” akasema mama. Walicheka sana.

Ningetamani kusimulia kwamba kura ile iliurudisha mnada, lakini haikuwa hivyo. Kilichobaki vichwani ni zawadi. Mchango uliofuata, wa madawati, swali la kwanza kutoka kwa vijana lilikuwa, safari hii kuna nini? Kikundi kikajaribu khanga, kikajaribu mbuzi. Mbuzi alifanya vizuri kuliko khanga. Baadaye tukaundiwa kundi la WhatsApp, na orodha ikaanza: namba, jina, kiasi, alama ya tiki ya kijani, na wenye ahadi bila tiki wakikaa pale wiki nzima mbele ya macho ya watu wote. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, watu wakapata sababu ya kuchelewesha, na hata ilipopunguzwa Septemba ile sababu iliendelea kutumika. Ninayoichukia zaidi ni ile orodha. Mwenye elfu moja huiona elfu moja yake chini ya laki ya mtu, kila mara orodha inaponakiliwa upya, na hakuna kicheko cha kumsitiri. Wako ambao siku hizi hawatoi kabisa, si kwa uchoyo. Nawajua, wengine walikuwa hodari wa kuongeza hamsini.

Wapo wanaonipinga, tena kwa hoja. Shangazi anasema mnada wa kuku usingenunua tangi hata kwa miaka kumi, na orodha imemwondolea maneno ya kwamba mweka hazina anakula fedha. Kwa upande wa hesabu amenishinda, na sijajaribu kubishana zaidi.

Mwaka jana, walipochangia bati za nyumba ya muuguzi, kikundi kilikubaliana kuondoa kiasi na kubakiza majina tu kwa mpangilio wa herufi. Zawadi haikuwepo. Wiki ya kwanza michango ilishuka. Wiki ya pili shangazi alijiunga bando la dakika, akaanza kupiga simu mmoja mmoja.