Ramani Ilisema Tuna Mtandao

Kwenye ramani ya kampuni ya simu kijiji chetu kimepakwa rangi, na rangi hiyo maana yake 4G ipo. Kila nilipopiga huduma kwa wateja kulalamika, kijana wa upande wa pili alinijibu kwa adabu: "Mama, mfumo unaonyesha uko ndani ya eneo letu. Hebu zima simu halafu uiwashe." Nazima, nawasha. Juu ya kioo inarudi E ile ile, mtandao wa kizamani ambao ujumbe wa WhatsApp hupita kwa kujikokota na picha haipiti kabisa.

Ninafundisha shule ya msingi katika Milima ya Taita, kwenye bonde lililo nyuma ya tuta la mlima. Mgeni hushangaa tulikosaje intaneti, kwa kuwa hatuko mbali na chochote. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na safari ya data kwenda Nairobi ikafuata njia ileile ya barabara kuu na reli, kupitia Voi. Ukipanda juu ya tuta letu usiku unaziona taa za malori ya barabara hiyo. Nako Vuria, kilele kinachozidi mita 2,200, kuna milingoti ya mawasiliano inayoonekana kutoka mbali. Lakini mawimbi yanayobeba data nyingi hupenda njia iliyonyooka. Yakikuta mwamba hayapindi vya kutosha kuteremka bondeni, na yakikuta mikaratusi iliyolowa mvua hudhoofika zaidi. Wenzetu wa upande wa pili wa tuta walikuwa wakitazama video. Sisi tulikuwa kivulini.

Huko nyuma hali hiyo ilivumilika. Kisha kazi yetu yote ikahamia mtandaoni: alama za tathmini za wanafunzi, tathmini ya utendaji ya mwalimu, hati ya mshahara, na ritani za ushuru ambazo mwisho wake ni Juni 30. Hakuna kati ya hizo inayouliza unaishi wapi.

Zikikaribia siku za mwisho za kupakia alama, nilipanda tutani jioni na kompyuta ya shule mgongoni, nikajifunika kanga mbili kwa baridi, nikaketi juu ya jiwe. Simu nailaza juu ya jiwe jingine, upande wa Voi. Unaingiza jina kwa jina, somo kwa somo, darasa zima. Unabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu ukurasa unakuwa mweupe na maandishi yanatokea kwamba muda wako umekwisha, ingia upya. Majina yapo. Alama hazipo. Unaanza tena huku bando la siku likihesabu saa zake, nalo linakwisha muda hata kama hukupata kulitumia. Nimewahi kulia pale juu, na sioni haya kusema hivyo. Waliokuwa na nauli waliteremka mjini Wundanyi kwenye saiba, wakapanga foleni na walimu wa shule nyingine.

Mwaka 2020 ndio uliotuonyesha uzito wa jambo hili. Shule zilifungwa Machi, na redio ikatangaza kwamba masomo yanaendelea mtandaoni. Julai tukasikia kuhusu maputo ya mradi wa Loon, yanayopaa kama kilomita 20 angani na kumwaga intaneti juu ya sehemu za kati na magharibi ya Kenya. Wazazi waliniuliza yatafika lini Taita. Hayakufika, na Januari 2021 mradi wenyewe ukatangazwa kufungwa. Watoto wangu wa darasani walirudi wakiwa wamesahau hata kugawanya. Wenzao wa mjini walikuwa wamesoma, si kwa sababu wana akili zaidi.

Mabadiliko yalianza kwa neno la kijana wa jirani yangu, fundi wa kufunga antena, aliyekuja nyumbani Krismasi. Nilikuwa namlalamikia kama nilivyomlalamikia kila mtu. Akaniambia, "Mwalimu, ukisema mtandao ni mbaya, watakujibu ni mzuri. Pima." Akanionyesha mahali simu inapoandika nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: ikiwa karibu na −80 uko vizuri, ikifika −115 simu inapapasa tu.

Nikachukua daftari la mistari. Wanafunzi wa Gredi ya 6 walikuwa wanasoma mada ya takwimu, basi tukapima pamoja: shuleni, zahanati, kinuni, kwenye kisima, kanisani, madukani. Tuliandika mahali, saa, hali ya hewa, namba. Walichora grafu kwa penseli za rangi na kuzibandika ukutani. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu ambacho mtu wa ofisini hawezi kukijibu kwa kutuambia tuzime simu.

Chifu alitupa nafasi barazani, kisha tukalipeleka daftari kwenye kikao cha ushiriki wa umma cha kaunti. Nakala nyingine tuliituma kwa kampuni. Jibu lao halikuwa zuri, lakini lilikuwa la kweli: ndiyo, bonde halipati huduma, na wateja ni wachache mno kujengewa mnara. Niliisoma barua ile mara nyingi. Kwa miaka tulikuwa tukiambiwa tunacho kitu tusichokuwa nacho, na nadhani hilo liliniumiza kuliko kukosa kwenyewe. Kijiji kikishahesabiwa kuwa kimefikiwa, kinatoka kwenye orodha ya wanaosubiri. Takwimu za taifa zinasema 4G imewafikia zaidi ya asilimia 95 ya Wakenya, na sisi tulikuwa tumehesabiwa humo ndani.

Barua hiyo ndiyo iliyotufungua kutafuta njia nyingine. Yule fundi alitukutanisha na mtoa huduma mdogo wa Voi anayeuza intaneti ya mkongo kwa njia ya redio. Mtandao wa setilaiti wa Starlink ulikuwa umeingia Kenya Julai 2023, lakini bei ya kifaa peke yake wakati huo ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Huyu wa Voi alitaka kitu kimoja tu: mahali panapoiona Voi na kuiona shule. Mahali hapo tulipajua. Mama mmoja mjane mwenye shamba juu ya tuta alikubali kutupa kona yake, tukaandikiana mbele ya mzee wa kijiji. Chama cha wazazi kilichangia mlingoti, paneli ya sola na betri. Fundi akafunga vidishi viwili, ukubwa wa sinia, kimoja kikitazama Voi na kingine kikitazama bondeni.

Sasa napakia alama nikiwa kwenye chumba cha walimu, mchana, na jioni niko nyumbani na wanangu. Tableti zilizoletwa mwaka 2016 na mradi wa serikali wa elimu ya dijitali, zile ambazo betri zake hazijafa, zimetolewa kabatini. Binti mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne ameomba mkopo wa chuo akiwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yetu, mama yake pembeni ameshika kitambulisho. Muuguzi wa zahanati ameomba waya uvutwe hadi kwake, na umevutwa.

Bado kuna taabu. Julai ukungu hukaa siku nzima, paneli haishibi, na usiku mtandao unakatika. Tunachangisha betri ya pili. Na namba za daftari tumeomba zifike kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu Mfuko wa Huduma kwa Wote uliwekwa kwa ajili ya sehemu kama zetu, nami nataka wanaopanga matumizi yake wazione namba zilizopimwa mlangoni pa watu.

Bonde la pili, lililo chini yetu, halina kitu hadi leo. Wazazi wa kule wameanza daftari lao. Kinachowachelewesha ni mikaratusi iliyoziba njia kati yao na tuta. Mwenye mikaratusi hiyo anataka kuivuna mwakani, lakini tumemwomba akate mitatu ya mbele sasa, nasi tutamlipa kwa bei ya mbao.